Daktari Mpya wa Miaka 41

Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania haumuulizi umri anayetaka kusomea udaktari. Unamuuliza fizikia, kemia na baiolojia. Kwa hiyo mwalimu wa baiolojia wa sekondari mwenye miaka 32 pale Shelui, wilayani Iramba, akiamua kuacha chaki, kwenye karatasi hana tofauti na kijana aliyemaliza kidato cha sita juzi. Vikwazo vyake viko kwingine.

Cha kwanza ni tahasusi. Walimu wengi wa baiolojia walisoma CBG, yaani kemia, baiolojia na jiografia. Fizikia waliiaga kidato cha nne. Sasa mwalimu wetu ama airudie kama mtahiniwa wa kujitegemea, na maabara aitafute mwenyewe, ama apitie stashahada ya utabibu: miaka 3, tena atoke na GPA isiyopungua 3.5. Ndipo uje udaktari wenyewe, miaka 5, na utarajali mwaka 1.

Kisha fedha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu humkopesha asiyezidi miaka 35, aliyehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka 5, na asiye na ajira. Akianza stashahada na miaka 32, ataomba mkopo akiwa na 35, dakika za majeruhi. Akichelewa mwaka mmoja tu, kwisha habari. Albert Schweitzer alianza kusomea udaktari mwaka 1905 akiwa na miaka 30, tayari mwanateolojia na mpiga kinanda mwenye jina, akafika Lambaréné, Gabon, mwaka 1913. Kwa umri, Bodi ingempitisha. Kwa kigezo cha ajira, sidhani.

Wanaotetea vikomo hivi wana hoja, wala si ya kubeza. Anayeanza kazi na miaka 26 atatumikia miaka 34 kabla ya kustaafu kwa lazima akiwa na 60. Wa miaka 41 atatumikia 19. Gharama ya kumsomesha ni ile ile.

Ila hesabu hiyo inachukulia kwamba miaka 34 yote itatumika panapohitajika. Shelui iko chini ya mteremko wa Sekenke, kwenye barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, ambako malori hupita usiku na mchana. Hospitali ya wilaya iko Kiomboi, huko juu. Kijana wa mjini akipangiwa maeneo haya, barua ya uhamisho huiandika mapema. Mwenye nyumba, shamba la alizeti na watoto shuleni hang'oki kirahisi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zidahili wanafunzi wenye asili ya vijijini, kwa kuwa hao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi kufanya kazi huko. Mtu mzima amekwisha kuonyesha anaishi wapi. Wa miaka 20 tunambahatisha.

Wala si jambo geni kwetu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watu wafanye kazi kwanza, ndipo waende chuo kikuu. Na kwa miongo mingi tulikuwa na madaktari wasaidizi: matabibu waliokwisha kukaa kazini, wakaongezewa mafunzo ya miaka 2, wakarudi wilayani kupasua wajawazito. Utafiti wa hospitali za Mwanza na Kigoma uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi ilikuwa mikononi mwao, na matokeo yao hayakutofautiana sana na ya madaktari kamili. Mafunzo hayo yalisitishwa kwa nia ya kupandisha viwango. Nia njema, lakini njia pekee iliyokuwa imetengenezwa kwa ajili ya watu wazima ilifungwa bila kuachiwa mbadala.

Sidai vikomo viondolewe kwa kila mtu. Bodi iwaondolee sharti la miaka 35 na lile la miaka 5 matabibu na wauguzi waliotumikia vijijini, halmashauri iwadhamini, nao wasaini mkataba wa kurudi miaka 10. Mwalimu wetu asiingie kwenye msamaha huo moja kwa moja, aanzie stashahada. GPA ikimkatalia, Shelui itakuwa imepata tabibu.