UKIPITA MLIMANI, ULE NINI?

Karani wa parokia hakai mezani siku zote. Madaftari ya ubatizo na ya ndoa hayana budi kulinganishwa na yale ya vigangoni, na vigango vya Uluguru haviko kando ya lami. Viko juu ya mgongo wa mlima, tena ng'ambo ya mto. Mtu atembeaye hivyo hushikwa na njaa, na njaa humfundisha hoteli. Nasema hoteli kwa maana yetu sisi, yaani banda lenye meko, sufuria tatu na benchi, wala si nyumba ya vitanda. Leo nataka tuzungumze habari za hoteli hizo, maana nina neno kwa wanaokula, na neno jingine kwa wanaopika.

Tuanze bondeni. Basi la mbali likisimama njiani, utingo hupiga kelele: "Dakika kumi!" Abiria hushuka mbio, nusu yao chooni, nusu yao kwenye chipsi. Je, umewahi kujiuliza kwa nini basi husimama hapa wala si pale? Mara nyingi ni kwa sababu dereva na utingo hulishwa bure mahali hapo, kwa shukrani ya kuleta watu. Si dhambi kubwa, lakini ujue kwamba hoteli hiyo ilichaguliwa kwa ajili ya tumbo lake, si lako. Chipsi zake ni zile zile utakazozikuta Chalinze, Mikumi na Mbeya. Umesafiri siku nzima, na ulimi wako haujatoka nyumbani.

Wenye kupanda treni walikuwa na bahati zaidi. Reli ilifika Morogoro kutoka Dar es Salaam mwaka 1907, na tangu hapo akina mama wa vituoni waliuza kwa kupitia dirishani: mihogo ya kuchemsha, mayai, ndizi, machungwa. Mtu aliijua nchi kwa mkono wake, akiwa amekaa kitini. Mwaka 2024 ilianza treni ya umeme, nayo yafika Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili hivi. Naisifu, na nikitumwa Dar es Salaam nitaipanda. Lakini dirisha lake halifunguki, na yule mama mwenye beseni kichwani hana la kufanya nayo. Basi ukitaka kula chakula cha nchi siku hizi, yakupasa ushuke, tena uache lami.

Mlima wetu una nyuso mbili, na kila uso una chungu chake. Upande wa mashariki, yaani Mkuyuni, Kinole, Tawa na Matombo, hupokea mawingu ya Bahari ya Hindi, na mahali pengine mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Huko ndiko kwenye migomba, mafenesi, mashelisheli na magimbi ya kando ya vijito. Ndiko pia kwenye karafuu, mdalasini, iliki na pilipili manga. Upande wa magharibi, ukipanda kutoka Mlali kwenda Mgeta, unavaa sweta. Huko kuna matuta ya ngazi yenye kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo, pamoja na matunda ya baridi kama stroberi. Tena kuna mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway, walioletwa katika miaka ya 1980. Malori hupakia mboga jioni, na kesho yake zinauzwa Dar es Salaam.

Sasa sikiliza ajabu. Ingia katika hoteli ya huko juu, upande wowote upendao, uulize kuna nini. Utajibiwa: "Wali maharage, wali nyama, ugali nyama." Mchele huo umetoka Dakawa au Kilombero, umepandishwa mlimani kwa pikipiki, gunia likiwa limefungwa kwa mipira. Na hatua ishirini kutoka mekoni magimbi yamesimama na majani yake mapana kama miavuli!

Siku moja upande wa Matombo niliona sufuria ya nne, nyuma ya mlango, imefunikwa kwa jani la mgomba. Nikauliza ina nini. Mama akacheka, akasema, "Hayo ni ya nyumbani, Karani. Mgeni hawezi kula hayo." Nikamwomba anitilie kidogo. (Si ndiyo maana ya jina lenyewe la mama ntilie? Mama, nitilie!) Alisita kama mtu aliyeombwa nguo ya kushindia. Mwisho akapakua: magimbi yaliyochemshwa mpaka yakaanza kupasuka, na kisamvu kilichotwangwa vizuri, kikapikwa na karanga mpaka mafuta yakaelea juu. Kando yake akaweka kikombe cha chai ya rangi yenye mdalasini wa kwao, gome lenyewe likiwa bado ndani. Nimekula harusini, nimekula sikukuu za upadrisho. Chakula cha kulingana na kile ni cha kuhesabu kwa vidole.

Usidhani namlaumu mama huyo. Alifanya hivyo kwa heshima. Sisi sote tumelelewa tukijua kwamba wali ni wa Noeli, wa Pasaka na wa mgeni, na kwamba gimbi ni la siku ya kawaida. Kumpa mgeni gimbi ni kama kumkaribisha na kumwonyesha mkeka uliochanika. Adabu hiyo ni njema nyumbani, ambako mgeni halipi. Lakini hotelini mgeni hulipa, na hapo hesabu inageuka.

Hebu tupige hesabu hiyo pamoja. Mama akinunua mchele, anamlipa mwenye shamba la bondeni, mwenye mashine ya kukoboa, mwenye duka na mwenye pikipiki. Kinachobaki mkononi mwake ni kidogo. Akipika magimbi, ndizi au shelisheli, fedha haitoki kijijini. Aidha ni mazao yake mwenyewe, aidha ni ya jirani yake. Na kwa Waluguru, ambao hufuata ukoo wa mama, mara nyingi shamba lenyewe ni la ukoo wake yeye mwanamke. Je, kuna biashara gani nyingine inayoanza na mtaji ambao tayari uko ardhini?

Kuna jambo zito zaidi. Tukishasema kwamba kitu fulani si cha kumpa mgeni, mtoto aliyekaa pale husikia. Hukua akijua kwamba mboga ya nyumbani ni ya shida, na kwamba biskuti na soda ndivyo vya watu. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 10 wa chini ya miaka 5 hapa Tanzania, 3 wamedumaa. Wala si kwa sababu ya njaa ya ghala tupu tu. Iringa, jirani zetu wenye mahindi na viazi tele, waliodumaa walikuwa zaidi ya nusu. Chakula kingi cha aina moja hakimjengi mtoto. Maharage, njegere, maziwa ya mbuzi na majani ya kijani ndivyo vinavyomjenga, navyo ndivyo hupakiwa kwanza kwenye lori.

Tena upishi huu una elimu yake. Gimbi lisiloiva huwasha koo. Lazima ujue kulichemsha hata likubali. Muhogo mchungu hauliwi bila kulowekwa na kukaushwa, la sivyo ni sumu. Kokwa za fenesi, ambazo wengi huzitupa, zikichemshwa au kuchomwa ni chakula. Ni nani atamfundisha binti haya yote, ikiwa hotelini kwa mama yake kunapikwa wali tu?

Neno langu kwa msafiri ni fupi. Usiulize, "Kuna nini?" Uliza, "Leo ninyi wenyewe mnakula nini?" Ukijua utapita kesho, tuma salamu leo, maana kisamvu hakipikwi kwa dakika kumi za utingo. Na ukishakula, lipa kama ulivyokula wali. Nimewaona watu waliosoma wakiomba kupunguziwa eti kwa kuwa ni magimbi tu. Aibu hiyo!

Lakini fungua macho. Kipindupindu kilipozuka mwaka 2015, Morogoro nayo ilipigwa, na wauza chakula wakawa wa kwanza kunyoshewa vidole. Mimi hutazama mambo matatu kabla ya kukaa. Je, pana maji yanayotiririka ya kunawa, na sabuni? Je, sufuria inatoa mvuke, au chakula kimepoa tangu asubuhi? Je, maji ya kunywa yamechemshwa, na kata ina mpini? Mahali pasipo na hayo, hata pakinukia namna gani, mimi hununua ndizi mbivu na kuimenya mwenyewe.

Kwa wapishi nasema hivi: sufuria ya nne itoke nyuma ya mlango. Si lazima uache wali; wapo watakaoutaka daima. Weka tu ya nyumbani kando yake, uiandike ubaoni kwa chaki pamoja na bei, uone nani ataiomba. Nadhani utashangaa. Madereva wa malori ya kabichi ni watu wa kusema, nao wakipenda chakula mahali, habari hufika Dar es Salaam kabla ya kabichi.

Na usisahau togwa. Uji umepikwa, umepoa, umetiwa kimea, umelala usiku mmoja hata ukawa mtamu wenye ukali kidogo. Kwa mtu aliyepanda mlima saa tatu, hakuna soda ya kuushinda. Kwenye njia ya kigango chetu cha mbali yuko mama auzaye togwa chini ya mwembe, vikombe vyake vimefunikwa kwa kitambaa cheupe. Lakini uwahi. Ukifika baada ya saa nane utamkuta anaosha mtungi.