MTOTO AJUE HESABU YA MKOPO WA SIMU



Wapo wanaosema simu itawaharibu watoto wa shule, daftari linatosha. Tunapinga! Mikopo ya kausha damu siku hizi inaingia kwa simu hiyo hiyo. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitaja programu na majukwaa 69 ya kukopesha bila leseni.

Tuseme umekopa 10,000, ada 1,500 kila mwezi. Mwaka ukiisha umelipa 18,000, na deni liko palepale! Mtoto apige hesabu hiyo kwa simu kabla hajakopa, ajifunze na kuficha namba ya siri.

Simu ya chama inalala kabatini kila Jumamosi. Mkutano uamue, ifundishie watoto. Asiyejua hesabu ni shamba la wanyonyaji!