Kabla ya LED, Pima Waya
Na Salma Mbwana

Magari mengi ya mitumba kutoka Japani yamewahi kupita kwenye kipimo ambacho huku kwetu hayakutani nacho tena. Kule kuna ukaguzi wa lazima uitwao shaken. Gari dogo la binafsi hukaguliwa likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na taa za mbele haziangaliwi tu kama zinawaka, zinapimwa. Kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 1998, kila taa ya dimu inatakiwa itoe angalau kandela 6,400. Isipofikisha, gari halipiti.

Likishashuka bandarini Dar es Salaam, hesabu hiyo imekwisha. Corolla au Noah hiyo itatembea miaka kumi mingine na zaidi, vioo vya taa vitageuka manjano, nyaya zitashika kutu, na siku ya ukaguzi dereva ataambiwa: washa, zima, fulu, dimu, haya nenda. Upungufu wake unakuja kujulikana usiku, kati ya Chalinze na Segera, pale lori bovu limeachwa nusu barabarani na alama yake ni matawi ya mti. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hula karibu mita 22 kila sekunde. Jumlisha muda wa kushtuka na wa kukanyaga breki, unahitaji karibu mita 70 za lami kavu hadi kusimama. Taa iliyofifia haikuoneshi mita 70.

Dereva akichoka kupapasa giza, ushauri wa kwanza anaoupata dukani ni kununua LED. Nawasihi wasomaji wangu wasikimbilie huko. Taa ya halojeni imetengenezwa kwa hesabu: kioakisi chake kinategemea uzi wa balbu ukae mahali pake hasa, ndipo mwanga wa dimu ukatike kwa juu usimpige anayekuja. LED nyingi za bei nafuu haziweki mwanga mahali pale. Mwenye gari anaona weupe mkali mbele ya boneti anaridhika, kumbe kule mbali hakijaongezeka kitu, na anayekuja upande wa pili anakuwa kipofu kwa sekunde kadhaa. Balbu za halojeni zilizopakwa bluu nazo ni hasara, kwa sababu rangi ile huchuja mwanga. Na balbu ya wati 100 kwenye waya uliokusudiwa wati 60 itayeyusha soketi.

Pa kuanzia ni waya. Balbu ya H4 iliyozoeleka kwenye magari ya zamani ni wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Mbili zikiwaka dimu huvuta ampia tisa hivi. Kwenye magari mengi ya zamani umeme huo wote hupita kwenye swichi ya usukani, kwa waya mwembamba uliochoka, na kurudi kwenye bodi kupitia athi yenye kutu. Kila kituo kinakula chake. Halojeni nayo haisamehe: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Wenye Land Cruiser za toleo la 80 wanaujua vizuri ugonjwa huu.

Fundi umeme mwenye mita anaugundua kwa dakika chache. Injini ikiunguruma na taa zikiwa zimewaka, apime volti kwenye betri, kisha kwenye ncha za balbu yenyewe. Tofauti ikizidi nusu volti, mwanga wako unapotelea njiani. Betri yenyewe ikisoma chini ya 13 wakati injini inaunguruma, oltaneta ndiyo ya kutazamwa kwanza. Dawa ni kukwangua na kukaza athi, halafu kufunga relei mbili, moja ya dimu na moja ya fulu, zenye waya mnene unaotoka kwenye betri na fyuzi iliyo karibu na betri hiyo. Swichi ya zamani inabaki na kazi ya kuamsha relei tu. Nawaheshimu sana mafundi wanaoifanya kazi hii kwa utulivu, nyaya zikafungwa vizuri zisisuguane na bodi.

Vioo vya taa siku hizi ni plastiki, na jua humaliza tabaka lake la kinga. Mwaka 2018, AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kilipima taa zilizochakaa hivyo na kukuta zinatoa asilimia 22 tu ya mwanga wa taa mpya. Dawa ya meno hung'arisha kwa muda mfupi. Kazi ya kweli ni msasa wa maji, kuanzia namba 800 hadi 2000 au zaidi, kisha polishi, kisha vanishi ya kuzuia jua. Bila vanishi hiyo manjano yanarudi upesi.

Taa za dashibodi nazo zikififia, zina mambo yake. Kwanza zungusha kile kitufe cha kupunguza mwanga kilicho karibu na usukani; mara nyingi tatizo ni hicho tu. La sivyo, balbu zimekuwa nyeusi ndani, na ni bora zibadilishwe zote kwa pamoja kwa sababu kazi kubwa ni kufungua. Hapa LED ndogo hazimuumizi mtu, na isiyowaka igeuzwe, huenda imepachikwa kinyume. Ila zisiwe kali: dashibodi inayong'aa mno huzuia jicho kulizoea giza la barabarani.

Ninachodai kwa wakaguzi kinawezekana. Wiki ya Nenda kwa Usalama ikifika, stika ya ukaguzi isibandikwe mpaka gari lisimame mahali tambarare, mita 10 kutoka kwenye ukuta mweupe, na mwanga wa dimu uonekane umeishia sentimita 10 hivi chini ya kimo cha taa. Mashine ya kupima kandela inunuliwe baadaye, na naamini inafaa inunuliwe. Mstari ukutani gereji yoyote inaweza kuuchora kesho asubuhi.