Linux Haiui Laptopu

Thika na maeneo ya jirani kuna imani iliyoota mizizi, kuanzia kwa mafundi wa kompyuta wa Kiganjo hadi kwa wanafunzi wa Juja, kwamba anayegusa mfumo endeshi wa Linux ameiua laptopu yake. Faili zitafutika, Windows haitarudi, na mwenyewe atabaki akiandika amri kwenye skrini nyeusi. Si kweli, na uvumi huu unawamalizia watu pesa.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, karibu kila prosesa iliyo chini ya kizazi cha nane imeachwa nje. Laptopu nyingi za ex-UK, yaani zilizokwisha kutumika Uingereza, ni za kizazi cha nne, cha tano, cha sita. Mwenye nayo huambiwa anunue nyingine, au apachikiwe Windows ya wizi. Linux haitajwi kabisa.

Hofu ya kupoteza faili ina chanzo, hilo lisikanwe. Anayesakinisha mfumo mpya moja kwa moja kwenye diski, akakubali kila kitu kifutwe bila kusoma, hufutiwa kweli, tasnifu na picha za harusi pamoja. Lakini nani kamlazimisha kuanzia hapo?

Kuna kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa na programu ndani ya nyingine. Programu ya kuiunda, VirtualBox, haiuzwi, imekuwapo tangu 2007, na hukaa ndani ya Windows kama programu nyingine yoyote. Mtu hupakua Linux Mint, karibu GB 3 (bora kwa Wi-Fi ya chuo kuliko kwa bando), anaunda mashine mpya, anaitengea GB 2 za RAM na GB 25 za diski, anaiwasha. Dirisha linafunguka na ndani yake kompyuta nzima inaanza kuamka. Baadaye kisakinishi kinauliza kama kifute diski yote, na hapo wengi huondoa mkono kwenye kipanya. Wakubali tu. Diski inayoulizwa ni faili moja iliyohifadhiwa ndani ya Windows. Mfumo huo ni mpangaji wa chumba kimoja kwenye ploti: akivuruga chumba chake, majirani hawahami. Asipopendeza, faili inafutwa.

Kompyuta pepe ikikataa kuwaka, mara nyingi uwezo wa kuiendesha umezimwa kwenye mipangilio ya BIOS; unawashwa kwa dakika chache. Laptopu ya RAM GB 4 itachechemea kwa kubeba mifumo miwili, na hilo si kosa la Linux. Mwenye mashine hiyo aiwashe Mint kutoka kwenye flashi bila kugusa diski.

Ati Linux ni ya wataalamu? Simu ya Android anayotumia mama mboga kupokea M-Pesa imejengwa juu ya kiini cha Linux. Tovuti ya serikali ya eCitizen hufunguka kwenye Firefox ya Mint vilevile. Na mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulishatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Wapo watakaokwama: mchoraji anayetegemea Photoshop, mhasibu mwenye programu ya Windows pekee. Hao ndio hasa wanaohitaji kompyuta pepe, wagundue mapema kinachokataa huku Windows yao ikiwa palepale. Fundi anayetoza pesa kupachika Windows ya wizi anaweza kumwekea mteja VirtualBox ajionee, kabla ya kumwambia mashine yake imekufa.