Daftari la Wiki: Mgeni wa Ujiji Aomba Jembe

Miongozo ambayo mashirika ya kujitolea huwapa vijana wanaokuja Kigoma kutoka Ulaya na Marekani haikosi sura juu ya mshtuko wa utamaduni, yaani ile hali ya kuchanganyikiwa inayompata mtu pale mazoea ya kwao yanapokoma kumsaidia, na sura hiyo humzungumzia mgeni kuanzia mwanzo hadi mwisho, huku familia itakayompokea ikitajwa tu panapohusika chandarua, maji ya kuchemsha na choo. Msomaji anaweza kudhani kwamba mama mwenye nyumba wa Ujiji, anayeletewa kijana wa miaka kumi na tisa asiyejua kuamkia wakubwa wala kufua shati lake, yeye hana cha kumshtua.

*

Ugali wa muhogo si adhabu, na vipeperushi vinavyouweka katika orodha ya changamoto viandikwe upya.

*

Jambo linalomwelemea mgeni katika wiki zake za mwanzo mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika si mbu wala umeme kukatika, bali ni kukosa kazi ndani ya nyumba. Amevuka bahari kwa nia ya kusaidia, lakini asubuhi ya kwanza anapoinamia beseni ili aoshe vyombo, sufuria hunyakuliwa mikononi mwake huku akibembelezwa apumzike. Akichukua ndoo aende bombani, mtoto wa miaka minane humkimbilia na kumpokea. Akishika ufagio, binti wa nyumba hucheka, kisha naye akaudai. Methali inayojulikana na wote humpa mgeni siku mbili tu za kukaa bure kabla ya kukabidhiwa jembe, ila katika nyumba nyingi za Ujiji, Mwanga na Kibirizi siku ya tatu hupita, wiki ya tatu nayo hupita, na jembe halionekani, kwa kuwa methali hiyo haikumfikiria mgeni anayetazamwa na mtaa mzima. Mwenye nyumba anajua kwamba siku mgeni wake atakapoonekana uani akisugua masizi, habari zitafika sokoni kabla sufuria haijakauka, na atakayesemwa si mgeni.

Chakulani hali ni ileile. Samaki akiwa kuhe, ambaye ni wa jamii moja na sato lakini mkubwa kuliko ndugu zake wote na hapatikani popote isipokuwa katika ziwa hili, na akiwa amepikwa kwa mawese, yaani yale mafuta mekundu ya michikichi ambayo Kigoma inasifika kwayo, mnofu wa katikati husogezwa upande wa mgeni, navyo kichwa na mkia huachiwa watoto wauane wenyewe. Mgeni, aliyelelewa kwamba kumaliza chakula ndiyo shukrani, husafisha sahani. Mwenyeji, aliyelelewa kwamba sahani tupu ni njaa isiyosemwa, humega tonge jingine kubwa la ugali na kumwekea. Mgeni humaliza tena, na tena huongezwa. Pande zote mbili zinaoneshana adabu, na upande mmoja unakaribia kupasuka. Watoto wanaofuatilia safari ya ule mnofu hawana upande.

Baada ya chakula mgeni huingia chumbani na kufunga mlango ili asome kitabu au akae kimya kidogo, jambo ambalo kwao ni la kawaida kabisa. Katika nyumba ambamo mtu hujitenga tu anapoumwa, anapofiwa au anapokasirika, mlango uliofungwa saa nane mchana huzua kikao: mtoto hutumwa abishe hodi na kuuliza kama kichwa kinamuuma, baada ya muda hutumwa mwingine na kikombe cha chai, na hatimaye bibi mwenyewe hujikongoja hadi kizingitini. Mgeni huandika barua kwao kwamba anachungwa. Bibi huwaambia majirani kwamba mtoto wa watu ana huzuni.

Kinachouvunja mkwamo huu, kwa kadiri wanavyosimulia wenyeji na wageni waliokaa muda mrefu, aghalabu si mafunzo wala kikao cha usuluhishi bali ni msiba. Matanga yanapowekwa nyumba ya tatu kutoka pale, uani hujaa wanawake, masufuria makubwa huazimwa, na hakuna mwenye nafasi ya kumlinda mgeni asichoke. Mtu asiyemjua humsukumia kisu na beseni la vitunguu bila hata kumtazama usoni. Siku chache baadaye hutumwa dukani kununua chumvi, na anayeyajua malezi ya Waswahili hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo, kwani mgeni hatumwi. Anayetumwa ni mtoto wa nyumbani.

Yapo mashirika yanayoilipa familia posho ya malazi na chakula, na ni haki. Posho hiyo hununua mchele na mkaa. Zile saa za kumfundisha mtu mzima kukaa, kula, kuamkia na kuoga kwa ndoo moja hazimo katika hesabu yoyote, ingawa ripoti za mwaka huhesabu kwa makini sana saa za aliyejitolea.

*

Wasomaji wa safu hii wameshachoka kusikia habari za mnara wa Livingstone, na wiki hii watachoka tena. Mzee huyo aliingia Ujiji Machi 1869 akiwa hoi kwa ugonjwa wa mapafu, baada ya kubebwa kitandani na kuuguzwa na watu wa msafara wa Mohamed bin Gharib. Aliporudi mwaka 1871 alikuta bidhaa alizotumiwa zimeuzwa zote na mtu aliyekabidhiwa, akawa hana kitu, ndipo Said bin Majid alipomfuata faraghani na kumwomba akubali auze sehemu ya pembe zake ili ampatie bidhaa. Mwandishi wa habari Stanley alifika baada ya hayo yote. Dunia ikahifadhi salamu ya Stanley, na makumbusho ya Ujiji yakawasimamisha wageni wawili wakisalimiana. Kwamba wenyeji wale walikuwa watu wa misafara ya pembe na watumwa, biashara ambayo mgeni wao aliichukia na kuipiga vita kwa kalamu, ni kweli, tena ni kweli inayoudhi, maana mpinzani wa utumwa alipona kwa uji wa waliofaidika nao. Lakini ukweli mgumu ni hoja ya kuwaeleza wenyeji hao kwa kirefu, si ya kuwafuta.

*

Jane Goodall alifika Gombe Julai 14, 1960 akiwa na mama yake, Vanne, kwa kuwa wakuu wa serikali ya kikoloni hawakukubali msichana akae msituni bila mwenzi. Binti alipanda milimani kutafuta sokwe, ambao kwa muda mrefu walimkimbia. Mama alibaki ufukweni akiwagawia wavuvi dawa za homa na vidonda. Aliyekuja kusindikiza ndiye aliyewahi kuzoewa na majirani.

*

Wacuba waliovuka ziwa kutoka Kigoma mwaka 1965 kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo walipewa majina ya hesabu za Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, naye Che Guevara akawa Tatu na kupewa kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga, amfundishe lugha. Novemba mwaka huohuo walirudi Kigoma wakiwa wameshindwa. Wageni wa leo nao huanza kwa kuhesabu.

*

Kuhusu meli yetu kongwe, MV Liemba, hakuna neno wiki hii.

*

Machi 2020, kwa sababu ya korona, Peace Corps, shirika la Marekani ambalo vijana wake wa kwanza walifika Tanganyika mwaka 1961, liliwaondoa wafanyakazi wake wa kujitolea katika nchi zote kwa mkupuo mmoja, Tanzania ikiwemo. Yameandikwa mengi juu ya uchungu wa vijana walioondoka bila kuaga. Waliobaki na nguo zisizokauka kambani hawakuulizwa.

*

Mwalimu kijana wa Kasulu, mwenye shahada, anayefundisha bila mshahara huku akisubiri ajira, naye huitwa mwalimu wa kujitolea. Hajapewa mwongozo, hakutafutiwa familia ya kufikia, na mshtuko wake hauna sura.

*

Mpango wa weltwärts, ulioanzishwa na Ujerumani mwaka 2008 kwa ajili ya kupeleka vijana wake nje, tangu 2013 umekuwa pia ukipokea vijana kutoka nchi zinazoendelea, Watanzania wakiwemo, na baadhi yao huishi na familia za Kijerumani. Hapo ndipo mambo hugeuka. Kijana aliyekulia Kigoma hukaribishwa kwa mkate wa baridi na jibini, huoneshwa chumba chenye ufunguo wake, kisha jioni ileile hufahamishwa sifongo iko wapi na zamu yake ya kuosha vyombo ni siku gani. Wenyeji wamemfanyia heshima kubwa wanayoijua, ile ya kumhesabu kama mmoja wao tangu saa ya kwanza. Yeye hulala akijiuliza amewakosea nini. Mlango akiufunga, hakuna anayebisha hodi hadi kesho yake. Miongozo ya huko nayo ina sura ya mshtuko wa utamaduni.

*

Bei ya dagaa Kibirizi haifai kuandikwa gazetini: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na wiki hii mwezi ni mpevu.