Aliyeambiwa Ana Sukari

Mtu aliyekwenda zahanati kwa sababu ya kiu isiyokatika na kuamka usiku kila mara kwenda haja ndogo, akaambiwa kuwa sukari ya damu yake, kabla hajafungua kinywa, imepita milimoli 7 kwa lita, hurudi nyumbani na majonzi mawili: hofu ya kukatwa mguu, na haya mbele ya sinia ya halua. Jamaa nao, badala ya kumliwaza, humhukumu kana kwamba maradhi haya ni adhabu ya ulafi, ilhali nasaba nayo ina sehemu kubwa. Rai yetu ni kwamba huzuni hiyo yastahili tiba kama mwili, kwani aliyekata tamaa ni mwepesi wa kuacha vidonge vya metformini, akakimbilia mizizi ya mtaani. Mengine si makuu: wali upunguzwe, mchicha na kunde viongezwe, chai ikolezwe iliki na tangawizi bila sukari, na baada ya kula atembee kidogo. Nyayo azikague kila jioni, maana ganzi huficha jeraha. Na wapishi wasimtengee sahani pembeni. Chakula kimfaacho chafaa nyumba nzima.