Cheo ni Dhamana, Si Fidia ya Mateso

Kila mwaka vijana waliomaliza kidato cha sita hurejea makwao kutoka katika makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Katika mitaa ya Nshambya mjini Bukoba, kama ilivyo katika vijiji vya Muleba, kijana wa namna hiyo hupokewa kwa shangwe. Amekonda, ngozi imeungua jua, na sauti imekauka kwa nyimbo za mchakamchaka. Kabla hajatua mzigo wake amekwisha kupewa cheo: huyu anamwita afande, yule anamwita kamanda. Naye, aghalabu, hakatai. Huketi akasimulia jinsi alivyolala saa chache, alivyokimbia alfajiri na alivyotambaa matopeni, na kila shida anayoitaja huihesabu kama shilingi aliyolipia heshima ile.

Furaha hiyo haina ubaya. Ubaya umo katika hoja iliyojificha ndani yake, kwamba mtu akiisha kuteseka amekwisha kustahili. Hoja hii yafaa ipingwe bila haya, kwa kuwa haiishii kwa vijana. Hupanda ngazi hadi maofisini, ambako mtu husema kwamba alisoma kwa shida, alitembea pekupeku kwenda shule, na kwa hiyo sasa ni zamu yake kuitwa mheshimiwa na kutumikiwa. Mateso yamegeuzwa hati ya kudai.

Upande wa pili wako wapinzani wa kambi, ambao kosa lao ni kubwa zaidi. Hao husema kwamba kumpeleka kijana mwenye elimu akalime na kupiga kwata ni kupoteza wakati, na kwamba cheti chatosha. Makundi haya mawili hudhani yanapingana, kumbe yana imani moja: kwamba heshima ni mali ya mtu binafsi. Mmoja huinunua kwa jasho, mwingine kwa karatasi. Hakuna kati yao anayeuliza heshima hiyo ni ya kumtumikia nani.

Yafaa kukumbuka kambi hufanya nini. Kitu cha kwanza anachovuliwa kijana aingiapo langoni ni cheo. Mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mvuvi wa Kemondo wote huitwa kuruta. Huamshwa na filimbi moja, hula ugali na maharage ya sufuria moja, na hushika majembe ya aina moja. Mkoa huu watu wake hutaniwa kuwa ni akina nshomile, yaani wenye kujinasibu kwa kusoma. Katika gwaride hakuna nshomile. Aliyepata daraja la kwanza akichelewa kugeuka, kikosi kizima kitarudia zoezi kwa sababu yake, na hapo ndipo anapojifunza jambo ambalo darasa halikumfundisha: kwamba uzembe wake hulipwa na wengine. Maana ya shida ya kambi ni hiyo, wala si nyingine. Haimpandishi mtu juu ya wenzake, bali humshusha akawa mmoja wao.

Wasomi wa nchi hii waliwahi kulikataa somo hilo hadharani. JKT iliundwa tarehe 10 Julai 1963 kwa vijana wa kujitolea. Mwaka 1966 serikali ilipoamua kwamba wasomi nao watumikie miaka miwili kwa mujibu wa sheria, muda mfupi wakiwa kambini na sehemu kubwa wakiwa kazini kwa asilimia 40 ya mshahara, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana tarehe 22 Oktoba hadi Ikulu. Walitaka heshima ya msomi bila deni la msomi. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300. Lakini wasimuliaji wengi hulisahau jambo la pili alilolifanya: alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Aliyedai wengine wajitolee alianzia mfukoni mwake, na ndiyo maana amri yake ilikuwa na uzito.

Kwa wale wanaodhani kwamba ugumu peke yake humjenga mtu, historia imeweka mfano mlangoni mwa Kagera. Nduli Idi Amin aliingia katika jeshi la Keya la Waingereza mwaka 1946 na akapanda kutoka chini kabisa hadi cheo cha effendi, neno lililo ndugu wa afande. Hakuna awezaye kudai kwamba hakuionja kwata. Lakini jeshi lile lilikuwa la mkoloni, nalo lilimfunza mtu kumtii mkubwa na kumwonea mdogo. Alipopindua serikali tarehe 25 Januari 1971, hakuna tena aliyeweza kumnyima cheo, naye akajigawia apendavyo. Mwaka 1975 alijifanya Field Marshal. Mwaka 1976 akawa Rais wa maisha. Nishani zikajaa kifuani, huku wananchi wa Uganda wakijaa makaburini.

Hapa nchini pia, askari wa Tanganyika Rifles walikuwa wamefundishwa kwata kwa ukali na maofisa wa Kiingereza, na bado Januari 1964 waliasi. Dawa iliyotafutwa haikuwa kuongeza ukali. Lilivunjwa jeshi lile, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa jingine lenye jina lililokuwa ahadi: Jeshi la Wananchi.

Ahadi hiyo ilipimwa mwaka 1978. Mwezi wa Oktoba ndege za Amin ziliangusha mabomu Bukoba, na mwisho wa mwezi huo majeshi yake yakaivamia ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera. Vijiji vilichomwa, watu wakauawa, ng'ombe wakaswagwa kuvuka mpaka, na mapema mwezi wa Novemba daraja la Kyaka likabomolewa. Mwalimu alipolihutubia taifa alitaja mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Sababu ilikuwa imeletwa na adui, na nia ilikuwa moyoni mwa kila mtu. Lakini uwezo ulitoka wapi? Haukuwa wa wanajeshi peke yao. Ulitoka pia JKT, katika polisi na magereza, na kwa wanamgambo waliofunzwa vijijini na kazini baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, wakulima na wafanyakazi ambao hawakuwa na nyota begani. Jeshi la watu hao liliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na Field Marshal akakimbia pamoja na nishani zake.

Mkoa wenyewe, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ulipata jina la Kagera mwaka huo wa 1979. Wako waliolilipia jina hilo. Huko Kaboya, wilayani Muleba, wamelala askari waliokufa katika vita ile. Hakuna kati yao aliyehitaji kujiita shujaa. Waliitwa hivyo na watu waliobaki hai, na hiyo ndiyo njia pekee ya halali ya kulipata jina.

Kipimo hiki hakina budi kuwahusu wakufunzi nao. Mkufunzi anayemtukana kuruta kwa sababu naye alitukanwa hafundishi ukakamavu, bali anarithisha ubwana, na Mwongozo wa 1971 ulikwisha kuulaani uonevu wa wakubwa. Shida yenye maana huacha kitu nyuma yake: shamba lililolimwa, jengo lililosimama, lindo lililolindwa, kikosi kilichojifunza kutembea pamoja. Shida isiyoacha kitu isipokuwa chuki ni unyapara, hata ikivalishwa magwanda.

Utumishi wa JKT kwa mujibu wa sheria ulisimamishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013. Kati ya miaka hiyo wasomi wengi waliingia maofisini bila kupita kambini. Hilo si kosa lao, kwani mlango ulikuwa umefungwa. Wala kijana ambaye leo jina lake halikuitwa hana hatia. Mwenye hatia ni mwingine. Ni mtumishi anayesimama mchana mbele ya wananchi kuhimiza uzalendo, na jioni anatafuta cheti cha daktari ili mwanawe mwenye afya njema asiende kambini. Ni mkuu wa shule anayewaambia wanafunzi kwamba kazi ni utu, lakini jembe hulitumia kama adhabu. Watu hao wanaivunja kambi kwa nguvu kuliko maandamano ya mwaka 1966, maana wale walikataa hadharani na wakalipa gharama ya kukataa kwao.

Wazee wa Chama walifundisha kwamba cheo ni dhamana. Dhamana haimilikiwi, hutunzwa, na mwenyewe huja kuidai. Walimu na watumishi wa umma wanao mfano ulio karibu nao mno hata hawauoni. Nyerere alikuwa na shahada ya Edinburgh, alikuwa mwenyekiti wa Chama, alikuwa Rais. Angeweza kuchagua jina lolote kati ya hayo. Wananchi walimwita Mwalimu, jina la kazi aliyoiacha mwaka 1955, na wakaendelea kumwita hivyo hata baada ya kung'atuka, kwa sababu waliona kwamba hakuacha kuwafundisha.

Kijana wa Nshambya aliyerudi jana basi na apumzike, ale ndizi za mama yake. Keshokutwa kuna mtaro wa kuzibua, kuna watoto wa jirani wasiojua hesabu, kuna shamba la shule linalongoja mikono. Yale aliyoyavumilia kambini yalikuwa maandalizi ya kazi hiyo. Akiifanya, hatakuwa na haja ya kujiita kamanda. Na asipoifanya, buti zake zitabaki viatu tu.